Jina la bidhaa yako likiibiwa: panga faili hivi kabla hujafika kwa wakili

Mbukwenyi ndugu zangu. Mimi ni wakili hapa Dodoma, sehemu kubwa ya kazi zangu ni mikataba ya biashara na milikibunifu, yaani alama za biashara, hakimiliki, lebo, majina ya bidhaa, na ugomvi wa wenye viwanda vidogo na wasambazaji wao. Alizeti ikishaanza kuingia kwenye mashine, kuanzia mwezi wa 6 hivi, mlango wangu unagongwa na watu wenye shida ile ile, mtu kashika lebo mbili, moja yake na moja siyo yake, zimefanana mpaka rangi ya ua, na anatetemeka kwa hasira. Namwambia kaa kwanza, kunywa maji, alafu namuuliza una karatasi gani? Hapo wengi wananyamaza.

Watu wanadhani kesi ya jina inashinda kwa maneno makali ya wakili. Inashinda kwa risiti ya stika ambayo uliitupa mwaka juzi ukafagia. Uingereza wenzetu wameigawa kazi hii mara mbili, kuna solicitor anayekaa na mteja, anakusanya ushahidi na kupanga faili, alafu kuna barrister anayepokea faili likiwa limeshapangwa, kwa desturi limefungwa na utepe wa pinki, yeye analisoma, anatoa ushauri na kwenda kulisemea mahakamani. Kwetu wakili ni mmoja, anafanya vyote, ila faili lazima kuna mtu alipange na wa kwanza kulipanga ni wewe mwenye mali kwa sababu wewe ndiye ulikuwepo siku ya kwanza. Kwaiyo nataka nikueleze namna ya kulipanga. Mfano nitatumia mafuta ya alizeti maana ndiyo ninayoyaona sana, lakini ukiwa na wine ya zabibu za Hombolo, unga wa lishe, asali au siagi ya karanga, ni yale yale.

HATUA YA KWANZA: jua una nini mkononi

Hapa ndipo watu wengi wamepotea na siwalaumu, kwa sababu ofisi ni nyingi na kila moja inakupa cheti na kila cheti kina muhuri. Mtu anakuja na bahasha nzima anasema wakili mimi nimesajiliwa, nina kila kitu. Nafungua. Kuna cheti cha jina la biashara cha BRELA, yaani wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, leseni ya halmashauri, TIN, barua ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, cheti cha TBS, na namba za msimbomilia zile zinazoanza na 620. Vyote ni vya halali na vizuri. Hakuna hata kimoja kinachosema kwamba jina lililo kwenye dumu ni mali yako peke yako.

Cheti cha jina la biashara kinasema fulani anafanya biashara kwa jina hili, basi. TBS inasema bidhaa yako imefikia kiwango. Msimbomilia unasaidia mashine ya dukani kuitambua bidhaa. Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara. Kinachokupa umiliki wa jina na nembo kama alama ni usajili wa alama ya biashara na huduma, chini ya sheria ya mwaka 1986, na huo upo BRELA hao hao ila ni ombi tofauti, fomu tofauti, ada tofauti. Wengi walienda BRELA, wakapata cheti cha jina, wakaamini wamemaliza. Na kampuni nayo ni hivyo hivyo, ukisajili kampuni bado alama hujaisajili.

Kwaiyo chukua karatasi nyeupe, chora mstari katikati, kushoto andika vyeti vyote ulivyonavyo, kulia andika kila kimoja kinalinda nini. Ukiona upande wa kulia hakuna sehemu iliyoandikwa alama ya biashara, nenda hatua ya pili leo leo, usisubiri mpaka mtu akuibie.

HATUA YA PILI: sajili alama, hata kama umechelewa

Hii unaweza kuifanya mwenyewe, nasema ukweli wangu wote, ombi la kawaida la mjasiriamali wa Tanzania halihitaji wakili. Unaingia kwenye mfumo wa BRELA wa usajili kwa njia ya mtandao, unafungua akaunti kwa namba yako ya NIDA, unajaza, unapata namba ya malipo, ile watu wanaita kontroo namba, unalipa kwa simu. Mahali ambapo watu wanaharibu ni mawili.

La kwanza ni daraja. Bidhaa na huduma zote duniani zimepangwa kwenye madaraja 45, mpango uliotokana na makubaliano ya mji wa Nice kule Ufaransa mwaka 1957, daraja la 1 mpaka 34 ni bidhaa na 35 mpaka 45 ni huduma. Mafuta ya kula yapo daraja la 29, siagi ya karanga pia 29. Unga na asali ni 30. Wine ni 33. Sabuni ni 3. Na wewe mkamuaji wa alizeti usisahau mashudu, maana chakula cha mifugo kipo daraja la 31, na kama mashudu unayauza kwenye mifuko yenye jina lako hilo ni ombi lingine kabisa kwa sababu kwetu kila daraja ni ombi lake. Nimeshaona mtu kasajili mafuta yake kwenye daraja la 4, la mafuta ya viwandani na vilainishi, kisa ameona neno mafuta. Cheti anacho, kizuri, kimelaminetiwa ukutani, ila kinalinda grisi.

La pili ni jina lenyewe. Ukileta jina kama Mafuta Safi ya Alizeti au Asali Tamu au Dodoma Wine utapata shida, kwa sababu maneno yanayoieleza bidhaa tu, au jina la mahali, ni ya watu wote, haiwezekani wewe mmoja ukazuia wenzio wasiseme mafuta yao ni safi. Jina lenye nguvu ni lile ambalo halina uhusiano na bidhaa au umelibuni mwenyewe. Jina la bibi yako, neno la Kigogo ambalo siyo sifa ya mafuta, jina la mlima uliochezea utotoni ambao hakuna anayeuhusisha na mafuta, hayo yanasimama vizuri zaidi. Kabla ya kulipa fanya upekuzi kwenye rejista uone kama kuna linalofanana, na ukisema linafanana siyo herufi kwa herufi tu, litamke kwa sauti. Mteja wa gengeni anaagiza kwa mdomo, anamtuma mtoto, mtoto anasikia kinachosikika.

Msajili akilikubali ombi linatangazwa kwenye jarida lao, na kuanzia hapo kuna siku 60 ambazo mtu yeyote anaweza kuweka pingamizi. Hizo siku 60 zina pande mbili. Kama ombi ni lako, subiri kwa utulivu. Kama ni la mwizi wako, hiyo ndiyo nafasi yako ya bei nafuu kuliko zote zitakazofuata, kwaiyo jizoeze kulipitia lile jarida au mtafute mtu wa kukupitishia. Ikipita bila pingamizi unapata cheti, kinaishi miaka 7 ya mwanzo alafu unakihuisha kila baada ya miaka 10. Andika tarehe hiyo mahali ambapo watoto wako nao wanapajua. Na usisajili ukaiweka kabatini, alama isiyotumika miaka 3 mfululizo mtu anaweza kuomba ifutwe.

Kingine kidogo, usajili wa Bara hauvuki maji. Ukiuza Zanzibar sajili kule kwa BPRA, wakala wao wa usajili, ukiuza Kenya sajili kule KIPI, taasisi yao ya alama na hataza.

HATUA YA TATU: funga mikataba na watu wako wa karibu

Utashangaa kwa nini nimeiweka hii katikati ya mambo ya wizi. Ni kwa sababu kwa nilivyoona mimi, anayeiba jina mara nyingi siyo mgeni. Ni aliyekuwa msambazaji, au shemeji mliyeanza naye, au kijana aliyechora lebo.

Kijana wa dizaini: anakuchorea nembo kwa elfu 50, mnamalizana WhatsApp, faili la kompyuta linabaki kwake. Nembo ni kazi ya sanaa na hakimiliki inazaliwa pale pale kazi inapotengenezwa, haingoji kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sasa usiache swali la ni ya nani. Karatasi moja inatosha, majina yenu, picha ya nembo imebandikwa hapo, maneno kwamba amelipwa kiasi fulani na haki zote za kazi hii anakuhamishia wewe na hatamuuzia wala kumtengenezea mtu mwingine inayofanana, sahihi, tarehe, shahidi. Na akukabidhi faili lenyewe linaloweza kuhaririwa, siyo picha tu.

Mwenye mashine ya kuchapa: mwambie aandike kwenye risiti idadi ya lebo na jina la bidhaa. Risiti iliyoandikwa vifaa vya ofisi haitakusaidia kitu miaka minne mbele.

Msambazaji: andika wazi kwamba jina na nembo ni mali ya mzalishaji, msambazaji anaruhusiwa kuvitumia kwa kuuza bidhaa hiyo tu, haruhusiwi kuvisajili kwa jina lake popote, na mkataba ukiisha anaondoa mabango na kurudisha lebo zilizobaki. Hicho kifungu cha kutosajili watu wanakidharau, alafu baadaye unakuta msambazaji wa mkoa wa pili ameshasajili jina lako na anakuandikia barua wewe uache kulitumia.

Ndugu mlioanza pamoja: hapa nasema taratibu kwa sababu najua ilivyo ngumu kumwambia kaka yako tuandikishane. Ila andikeni. Jina ni la nani, mmoja akitoka linabaki wapi, akifa linakwenda kwa nani. Nimekaa na familia zilizogawana mashine, zikagawana gari, zikashindwa kugawana jina, na undugu ukaishia pale.

Alafu mkataba ukishasainiwa ulipie ushuru wa stempu, ndani ya siku 30. Watu wanaruka hii kwa sababu inaonekana ndogo. Mkataba ambao haujalipiwa stempu mahakama inaweza kukataa kuupokea kama ushahidi, na hapo umekaa na karatasi nzuri isiyosomeka.

HATUA YA NNE: umeiona feki sokoni, tulia

Nitakupa kisa, mwenyewe nimemficha na baadhi ya mambo nimeyabadilisha. Mama mmoja mkamuaji aliona madumu yenye lebo kama yake kwenye duka moja, akaingia, akabandua lebo zote kwa mikono, akamwita mwenye duka mwizi mbele za watu, na mwanae akarusha video. Mpaka anafika kwangu ushahidi alishauchana mwenyewe, mwenye duka ameshatoa mzigo uliobaki, na sisi ndio tulikuwa tunajibu barua ya madai ya kashfa. Ilituchukua miezi kurudi pale alipokuwa kabla ya kuingia lile duka. Namwelewa kabisa, jasho lako likiibwa damu inachemka. Lakini fanya hivi.

Nunua. Kama mteja wa kawaida, dumu moja au mawili, na udai risiti ya mashine. Asiende mwenye mali, atume mtu mzima mwenye akili timamu ambaye yupo tayari siku moja kusimama mahakamani aseme mimi ndiye niliyenunua, tarehe hii, duka hili, saa hii. Usitume mtu wa kupita njia ambaye mwakani yupo Mbeya na simu haipatikani.

Piga picha ya duka kwa nje, ya bidhaa ikiwa rafu, ya bidhaa ukishainunua pande zote nne, na ya chini ya dumu pale penye tarehe na namba ya toleo. Weka yako pembeni yake upige picha ya pamoja. Alafu usilifungue, lifunge kwenye mfuko, bandika karatasi yenye tarehe, jina la mnunuzi na sahihi, liweke stoo sehemu moja. Likihama, andika limehama lini na nani kalichukua. Mahakamani upande wa pili watauliza hili dumu lilikuwa wapi miezi yote hii, na jibu lako lisiwe lilikuwa jikoni.

Simu nayo. Kama ushahidi upo kwenye WhatsApp, mteja kakulalamikia kwamba mafuta yako siku hizi yanatoa povu, kumbe siyo yako, huo ni ushahidi mkubwa sana maana unaonesha watu wanachanganyikiwa kweli. Usifute. Usibadilishe simu ukaitupa ya zamani. Picha ya skrini peke yake ni dhaifu, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hii lakini inaangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama unaaminika, kwaiyo kifaa chenyewe na mazungumzo yote toka mwanzo ndiyo yenye uzito.

Na usiposti. Hata stetasi usiweke.

HATUA YA TANO: andika mtiririko, kurasa mbili zinatosha

Hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote na ndiyo inayonionesha kama tuna kesi. Kaa chini, andika kwa tarehe. Mwaka fulani nilianza kukamua Kizota. Mwaka fulani nikaanza kutumia jina hili. Mara ya kwanza nilichapa lebo ngapi, wapi. Nilionesha Nanenane Nzuguni mwaka upi. Nilianza kupeleka Kibaigwa lini, Singida lini, Dar lini. Niliiona feki lini mara ya kwanza. Pembeni ya kila mstari andika karatasi inayothibitisha, na kama hakuna andika hakuna. Usinifiche, hakuna ni jibu, maana najua pa kutafuta.

Yule mama wa kisa changu alidhani hana karatasi hata moja, anauza kwa dumu, fedha mkononi. Tulikaa naye siku mbili. Tukapata taarifa za M-Pesa za miaka kadhaa zikionesha malipo kwa mchapaji, mchapaji akakubali kutupa nakala za oda zake, tukapata risiti ya banda la maonesho, barua aliyoandikiwa na TBS yenye jina la bidhaa, na picha ya harusi ya binti yake, ndiyo, harusi, madumu yenye lebo yamepangwa nyuma jikoni na picha ina tarehe. Vipande vidogo vidogo, ila vikipangwa kwa mstari vinasema jambo moja, jina hili lilikuwa la huyu mama kabla ya mwingine yeyote.

Na hii ni muhimu kwa asiyesajili. Sheria haijakutupa moja kwa moja, unaweza kudai kwamba mwenzio anapitisha bidhaa yake kama vile ni yako, lakini unabeba mzigo wa mambo matatu, uoneshe jina lako lina sifa kwa wateja, uoneshe yeye anawapotosha wateja hao, na uoneshe hasara uliyopata au utakayopata. Mwenye cheti anaanza na cheti. Asiye na cheti anaanza na picha ya harusi.

HATUA YA SITA: kumpata wakili na kukubaliana naye

Epuka vishoka. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, unaandika jina unaona kama huyo mtu ni wakili kweli na kama leseni yake ya mwaka huu ipo hai, kwa sababu tunaihuisha kila mwaka. Dakika mbili tu.

Muulize ameshafanya kazi za alama za biashara au la, na usione aibu kuuliza, wakili mzuri wa ardhi anaweza asijue jarida la alama linatoka wapi na hiyo siyo dhambi. Gharama zikubaliwe kwa maandishi, zinahusu nini na hazihusu nini, nauli ya Dar imo au haimo, kesi ikikatiwa rufaa inakuwaje. Kuna Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 inayoweka viwango, kwaiyo wakili akikutajia bei siyo lazima iwe imetoka hewani, mwombe akuoneshe kipengele. Dai risiti. Nakala halisi baki nazo wewe mpaka siku zinapohitajika, mpe kivuli, na ukimpa halisi asaini kwamba amepokea.

Ukija kwake muoneshe na yale mabaya. Kama na wewe jina ulilichukua kutoka kwenye bidhaa ya Kenya miaka ile, sema sasa hivi mlango umefungwa. Mimi nikilisikia kwa mara ya kwanza kutoka mdomoni kwa wakili wa upande wa pili, sina la kukusaidia.

HATUA YA SABA: barua kwanza

Notisi ya madai inasema wewe ni nani, haki yako ni ipi, yeye amefanya nini na tarehe zake, unataka nini, na ndani ya siku ngapi. Siku 7 au 14 ndiyo kawaida. Unataka nini iwe ya kueleweka, aache kutumia, atoe mzigo madukani, akabidhi lebo, aeleze ameuza kiasi gani, alipe kiasi gani. Barua ya matusi inakuja kusomwa na jaji baadaye, kwaiyo isiwe na matusi.

Hapa Dodoma nyingi zinaishia hapa, watu wanafahamiana, anayekuibia mnasali naye au watoto wanasoma shule moja, unakuta anapiga simu mwenyewe, wakili tukae. Tunakaa. Mimi sioni kama ni kushindwa.

Sambamba na barua, kama ni bidhaa bandia kabisa, siyo inayofanana bali imeigwa nzima nzima, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, wana mamlaka chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 ya kukagua, kukamata na kuteketeza. Watataka uthibitisho wa haki yako na sampuli ya halisi na ya bandia, na unaona sasa lile dumu lililofungwa stoo lina kazi gani.

HATUA YA NANE: mahakamani, na zuio

Kesi ya kuingilia alama iliyosajiliwa inakwenda Mahakama Kuu. Kuna Divisheni ya Biashara toka 1999 ambayo ndiyo imezoea mambo haya. Hati ya madai inaingizwa kwa mfumo wa mtandao, mdaiwa akipata samansi ana siku 21 za kuleta utetezi, alafu mnapelekwa kwenye usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Toka marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwaiyo usiogope kwamba mambo yako yatasemwa usielewe, dai uelewe.

Kitu kinachomsaidia mfanyabiashara haraka ni zuio la muda, amri kwamba mwenzio asiuze mpaka kesi iishe. Mahakama zetu zinapima kwa kipimo cha kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969: kuna jambo zito la kuamuliwa na mwombaji ana dalili za kushinda, bila zuio atapata hasara ambayo fedha haiwezi kuifidia, na ukipima kwenye mizani yeye ataumia zaidi akinyimwa kuliko mwenzie atakavyoumia zuio likitolewa. Yote matatu.

Na kinachoua zuio ni kuchelewa. Nililipoteza moja miaka yangu ya mwanzo na mpaka leo linaniuma. Mzee wa zabibu, mtu mpole sana, aliiona chupa ya mwenzie inayofanana na yake akasema ngoja nione, msimu ukapita, akasema labda ataacha, msimu wa pili ukapita. Tulipofika mahakamani swali lilikuwa moja, kama hasara ni kubwa kiasi hicho umekaaje misimu miwili? Sikuwa na jibu kwa sababu hapakuwa na jibu, na mimi nilikosea kutomwambia mapema kwamba tuache zuio twende kwenye madai ya msingi. Ukiiona, hesabu wiki, usihesabu misimu. Na hata madai ya msingi yana ukomo, ya madhara kama haya ya kupitisha bidhaa ni miaka 3, ya mkataba miaka 6.

Ukishinda unaweza kupata zuio la kudumu, fidia au hesabu ya faida aliyoipata kwa jina lako, na amri ya kukabidhi au kuharibu lebo na vifungashio. Kwa fidia utahitaji vitabu vyako vya mauzo kabla na baada, kwaiyo kama unauza bila kuandika anza kuandika hata kwenye daftari la mia tano.

Mkimalizana kwa maridhiano, hati isiishie kwenye maneno ameahidi kuacha. Iandikwe jina gani, nembo gani, rangi gani haruhusiwi. Mzigo uliopo madukani uondolewe kufikia tarehe ipi na kwa gharama za nani. Lebo zilizobaki zihesabiwe mbele ya watu wa pande zote mbili. Kama mpo mahakamani tayari hati isajiliwe iwe tuzo, yaani amri ya mahakama, ili akirudia usianze upya. Yule mama wa madumu hakupata fidia ya misimu aliyopoteza na sikumficha hilo, ila mwenzie alibadilisha jina na rangi, tukaenda stoo kwake tukahesabu lebo maboksi manne na zikachomwa. Mama ndiye aliyeuliza, na ile faili ya kwenye kompyuta je? Nikairudia hati, nikaongeza kifungu cha mchapaji kuifuta na kusaini kwamba ameifuta, na toka siku ile hicho kifungu kipo kwenye kila hati ninayoandika.